Kisa cha xz: mtu mmoja aliyechoka na barua za kumharakisha

Kisa cha xz husimuliwa zaidi kuanzia mwisho wake. Machi 2024, mhandisi mmoja mjini San Francisco anaona kompyuta anayoifanyia majaribio inachelewa kwa nusu sekunde kila mtu anapoingia kwa ssh, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali. Anachimba, na anakuta mlango wa siri uliopandwa ndani ya programu inayokaa karibu katika kila seva ya Linux. Ni mwisho mtamu kusimulia. Lakini mimi kila ninapokirudia kisa hiki naanzia Juni 8, 2022. Siku hiyo mtu mmoja nchini Finland aliwaandikia watu asiowajua kwamba hajapoteza hamu na mradi wake, ila nguvu ya kuushughulikia imempungukia, hasa kwa sababu ya matatizo ya afya ya akili ya muda mrefu, pamoja na mambo mengine. Akawakumbusha pia kwamba kazi ile anaifanya kwa mapenzi tu, halipwi.

Anaitwa Lasse Collin. Hata kama hujawahi kulisikia jina lake, kazi yake umeitumia. Xz ni programu ya kubana mafaili: inachukua faili kubwa na kulifinya liwe dogo, ili liende haraka kwenye mtandao na lisile nafasi kwenye diski. Hesabu iliyo ndani yake, LZMA, ni kazi ya Igor Pavlov wa Urusi, yule aliyeandika 7-Zip. Collin aliichukua hesabu hiyo katika miaka ya 2000, alipokuwa kwenye kikundi kidogo kilichoitwa Tukaani kilichojenga mfumo wake juu ya Slackware, aina mojawapo ya Linux. Akaipa umbo linalofaa kwenye Linux, na toleo la 5.0 likatoka mwaka 2010. Xz ilibana vizuri kuliko gzip na bzip2 zilizokuwepo kabla yake, kwa hiyo watu wakaichukua. Vifurushi vya programu vya Debian, mmoja wa mifumo mikubwa ya Linux, vikaanza kubanwa nayo. Msimbo wa kiini cha Linux wenyewe ukawa unasambazwa kwa faili za xz.

Hakuna kikao kilichokaa kuamua kwamba kazi ya mtu huyu sasa ni nguzo ya nyumba ya watu wote. Kila mfumo ulichagua peke yake, kwa sababu nzuri kabisa, na kila uchaguzi ukamwongezea mzigo bila yeye kuulizwa. Alichoandika akiwa kijana mwenye muda wa jioni kikawa kitu ambacho kikikosewa, mabenki yanatetereka. Ila jioni zake zilibaki zilezile.

Oktoba 29, 2021, mtu aliyejiita Jia Tan alituma kiraka chake cha kwanza, yaani badiliko la msimbo, kwenye orodha ya barua pepe ya mradi. Kilikuwa kitu kidogo sana, faili la mipangilio ya kihariri ili wanaoandika msimbo watumie nafasi na mistari kwa namna moja. Mwezi uliofuata akatuma kingine. Kilikuwa safi. Ukiisoma kazi yake ya miezi ile ya mwanzo humwoni mwizi. Unamwona kijana mwenye adabu, anayeanza na kazi za kufagia kama mwanafunzi wa fundi, anayekubali kusahihishwa.

Kisha zikaja barua nyingine, na hapa nataka kukaa kidogo.

Aprili 2022, mtu mwenye jina la Jigar Kumar alianza kulalamika kwamba viraka vya Jia Tan havipokelewi. Mei, mwingine aitwaye Dennis Ens akauliza kama toleo la xz kwa ajili ya Java bado lina mwenyewe. Collin alimjibu kwa upole. Aliomba radhi kwa kuchelewa, akakiri kwamba barua zisizojibiwa zimemrundikia, akasema Jia Tan anamsaidia pembeni na huenda akapewa nafasi kubwa zaidi. Kumar akarudi Juni 7 na kusema hakutakuwa na maendeleo mpaka apatikane mtunzaji mpya. Kesho yake ndipo Collin alipoandika ile barua ya Juni 8.

Kwetu, mtu akisema anaumwa, unampa pole na unanyanyuka uende zako. Deni ataliongelea akipona. Kumar hakufanya hivyo. Chini ya wiki moja baadaye aliandika tena kwamba kwa mwendo huu toleo jipya halitatoka mwaka huo, na kwamba viraka vinaoza. Juni 21 Ens akaandika barua ambayo nimeisoma mara nyingi, na kila mara inanichoma. Alianza kwa kumpa pole Collin kwa ugonjwa wake. Papo hapo akamwambia ni vyema mtu ajue kikomo chake, kwamba jamii inataka zaidi, na kwamba afikirie kumkabidhi mtu mwingine mradi. Ilikuwa pole isiyo na pole ndani yake. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na barua ile imeandikwa na mtu anayeutazama mzigo wa mwenzake na kuuona mwepesi hivyohivyo.

Juni 29 Collin alijibu kwamba Jia Tan anasaidia sana na tayari ni kama mtunzaji mwenza.

Leo wachunguzi wengi wanaamini Kumar na Ens walikuwa vinyago vya mkono uleule uliokuwa nyuma ya Jia Tan. Majina hayo hayaonekani kokote kabla ya barua hizo, na baada ya kazi yao kwisha yalinyamaza. Jia Tan naye ni jina tu. Miaka miwili na zaidi ya subira, akaunti kadhaa zilizopangwa zamu, na ufundi wa hali ya juu mwishoni, hayo yote yanaonyesha watu waliokuwa na muda na fedha.

Lakini linalonikera si ujanja wao. Ni kwamba hakuna aliyeshtuka. Orodha ile ilikuwa wazi, mtu yeyote duniani angeweza kuzisoma barua zile, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu zilifanana na barua nyingine elfu ambazo watunzaji wa programu huria huzipokea kila wiki kutoka kwa watu wa kweli kabisa. Wavamizi hawakuhitaji kubuni lugha mpya ya kumvunja mtu moyo. Walitumia lugha yetu ya kila siku. Naandika "yetu" kwa makusudi. Nimewahi kuandika "kuna lolote kuhusu hili?" chini ya tatizo la mtu nisiyemjua, bila hata neno la salamu, kwa sababu kazi yangu ilikuwa imekwama na nilimwona yeye kama mfereji uliokauka.

Nimekaa upande wa pili pia, kwa kipimo kidogo sana. Miaka michache iliyopita niliandika programu ya kupanga maneno ya Kiswahili kwa mizizi yake, ili "wakipendana" na "nimpende" yakae chini ya "penda". Niliiandika kwa ajili yangu nikaiweka wazi. Watu wachache waliitumia. Siku moja nilipata ujumbe wa mstari mmoja ukiuliza kama mradi umekufa. Nilikuwa na mgonjwa nyumbani wiki ile. Usiku nilikaa macho nikirekebisha hitilafu za mtu ambaye hata jina lake sikulijua, na nilikuwa nikiona aibu. Kwa watumiaji wachache tu! Basi jaribu kupima aibu ya mtu ambaye kazi yake imebeba nusu ya mtandao.

Tuendelee. Mambo yaliyofuata yalienda polepole na kimya kimya. Januari 2023 Collin alitoa toleo la 5.4.1. Lililofuata, 5.4.2 la Machi mwaka huohuo, lilitolewa na Jia Tan. Juni akatokea mtu mwingine, Hans Jansen, akaleta badiliko lililoiruhusu maktaba ya xz kuchagua vipande vyake vya msimbo mapema sana, wakati programu inapopakiwa, kabla haijaanza kazi yake. Sababu iliyotolewa ilikuwa kasi. Mwezi uliofuata Jia Tan aliuomba mradi wa Google unaopima programu huria kwa majaribio ya nasibu uache kulipima eneo hilo, akieleza kwamba linaleta usumbufu wa kiufundi. Maelezo yalikuwa ya kuaminika. Januari 2024 tovuti ya mradi ikahamishwa mahali ambapo Jia Tan naye alikuwa na funguo.

Kisha, Februari 23, 2024, yakaingia mafaili mawili kwenye kabati la majaribio.

Ufundi wake unatisha. Programu ya kubana ni lazima ijaribiwe kwa mafaili mabovu, yaliyoharibiwa makusudi, ili ihakikishwe kwamba haianguki ikikutana nayo. Kwa hiyo xz ina kabati zima la mafaili ambayo ni takataka kwa macho ya binadamu, na ndivyo yanavyotakiwa kuwa. Faili moja jipya lilikuwa na jina linalotangaza kwamba limeharibika, jingine kwamba ni zima na kubwa. Ndani yao mlifichwa msimbo. Mahali pengine popote faili la namna hiyo lingezua maswali. Hapo lilikuwa nyumbani kwao.

Mafaili hayo peke yake hayakufanya lolote, yalihitaji mtu wa kuyafungua. Mfunguaji aliwekwa kwenye kifurushi cha toleo, ndani ya hati za kujengea programu zile ambazo karibu hakuna anayezisoma kwa sababu ni ndefu, ni za zamani, na hutengenezwa na mashine. Kwenye hifadhi ya wazi ya msimbo, mistari hiyo haikuwepo. Aliyesoma hifadhi aliona kitu kimoja, aliyepakua kifurushi alijenga kitu kingine. Na hati ilikagua kwanza: kama hapa si Linux ya x86-64, au kama hapajengwi kifurushi cha Debian au cha jamii ya Red Hat, ilinyamaza. Mtu aliyeijenga xz nyumbani kwa udadisi asingeona kitu.

Shabaha haikuwa xz yenyewe. Ilikuwa sshd, mlango ambao wasimamizi wa seva hupitia kuingia wakiwa mbali. OpenSSH, programu ambayo sshd ni sehemu yake, kama inavyoandikwa na wenyewe haiitumii xz kabisa. Ila Debian na mifumo mingine kadhaa waliiongezea kiraka ili iweze kuiambia systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux, kwamba imekwisha kuamka. Kiraka hicho kiliivuta maktaba ya systemd, nayo ikaivuta maktaba ya xz. Kwa njia hiyo kazi ya kubana mafaili ikajikuta imeketi ndani ya programu nyeti kuliko zote kwenye seva. Ikiwa humo, msimbo wa siri ulilibadilisha jukumu linalokagua saini ya RSA, njia mojawapo ya kumthibitisha anayeingia. Anayekuja na ufunguo maalumu wa wavamizi angeweza kutekeleza amri yoyote kabla hata hajaulizwa nywila. Mwingine yeyote angeuona mlango wa kawaida uliofungwa.

Toleo la 5.6.0 lilitoka Februari 24. Valgrind, chombo kinachokagua matumizi ya kumbukumbu, kikaanza kulalamika. Jia Tan akatoa 5.6.1 Machi 9, malalamiko yakiwa yametibiwa kwa maelezo ya uongo. Wakati huohuo yeye na Jansen walikuwa wakizisukuma Fedora, Debian na Ubuntu zipokee toleo jipya. Ubuntu 24.04 ilikuwa karibu kutoka, toleo la kuhudumiwa kwa muda mrefu, la aina ambayo mtu akikodi seva, awe Dar es Salaam au Mombasa, mara nyingi ndiyo anayoikuta ya kwanza kwenye orodha.

Ndipo anaingia Andres Freund, yule mhandisi wa mwanzoni, mmoja wa waandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliyeajiriwa na Microsoft. Yeye mwenyewe alisema wazi kwamba si mtafiti wa usalama. Alikuwa akipima mabadiliko madogo ya kasi kwenye hifadhidata, na kwa kipimo cha namna hiyo kompyuta inatakiwa itulie kabisa. Haikutulia. Michakato ya sshd ilikuwa ikila kichakato kuliko inavyostahili, na wakati huo ilikuwa ni watu wa mtandaoni tu wakijaribu kuingia kwa majina yasiyokuwepo, wa kukataliwa papo hapo. Alipopima, kuingia kulikokuwa kukichukua kama sekunde 0.3 kulikuwa kunachukua 0.8. Akafuatilia, muda ukaonekana unapotelea ndani ya maktaba ya xz, mahali ambapo chombo chake hakikuweza hata kupataja jina. Akakumbuka malalamiko ya Valgrind aliyoyaona wiki kadhaa nyuma kwenye majaribio ya PostgreSQL. Machi 28 aliwajulisha Debian na mifumo mingine faraghani, na Machi 29 akatangaza hadharani.

Hatari hiyo ikasajiliwa kama CVE-2024-3094 na kupewa alama 10, ya juu kabisa. Ilikuwa imefika Debian ya majaribio, Fedora Rawhide, openSUSE Tumbleweed na Kali. Mifumo thabiti ambayo wengi wetu tunaitumia haikuguswa. Ubuntu walisogeza mbele toleo lao la beta kwa wiki moja, wakajenga upya vifurushi vyote vilivyojengwa tangu msimbo ule ulipoingizwe kwenye xz.

Wengi walisema basi, hii ni ithibati kwamba programu huria ina kinga: msimbo uko wazi, na aliye nje ameona. Nakubali nusu. Freund aliweza kuchimba kwa sababu kila kitu kilikuwa wazi kwake, asingefika mbali kwenye programu iliyofungwa. Lakini wazo kwamba macho mengi huulinda msimbo ulio wazi silikubali. Yalikuwa macho ya mtu mmoja. Na yaliona kwa sababu ya tabia ambayo ratiba za kazi huiua haraka, ya kukataa kupita pembeni ya jambo dogo lisiloeleweka. Kwa nusu sekunde wengi tungeulaumu mtandao, tukaenda kunywa chai.

Wengine walisema dawa ni fedha. Mwaka 2014, ilipogundulika hitilafu ya Heartbleed ndani ya OpenSSL, dunia ilishangaa kusikia kwamba mradi uliolinda siri za mabenki ulikuwa ukipata michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka. Fedha zikachangwa, na zilisaidia. Kwa xz naamini zingesaidia pia, lakini soma tena barua ya Juni 8. Mtu yule hakuomba fedha. Alieleza kwamba amechoka na anaumwa. Alihitaji mtu wa kukaa naye zamu, mtu mwenye uso, ambaye kampuni fulani ingemtoa siku moja kwa wiki ikasema huyu ni wetu, tunamjua, muulizeni lolote. Nafasi ya kumsaidia ilikuwa wazi mbele ya macho ya kila kampuni iliyoitumia xz. Aliyejitokeza kuijaza alikuwa adui peke yake, na hilo ndilo ninaloona aibu kubwa ya kisa hiki kwa sisi tulio kwenye fani hii.

Dawa nyingine ilikuwa ya kifundi, na naiheshimu. Waandishi wa OpenSSH walijiuliza kwa nini mlango ubebe mizigo isiyouhusu. Katika toleo la 9.8, Julai 2024, waliandika wenyewe njia fupi ya kuijulisha systemd, bila kuivuta maktaba yake. Ni mistari michache. Kama ingekuwepo tangu mwanzo, xz isingekuwa na njia ya kufika pale.

Na Collin? Habari ilipovuma, akaunti yake kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, ilisimamishwa pamoja na ya Jia Tan, na hifadhi ya mradi ikafungwa kwa muda. Yeye alikuwa kwenye moja ya mapumziko aliyozoea kuyachukua, mbali na mtandao. Alirudi akakuta jina lake liko kila mahali.

Kati ya mambo aliyoyakuta kulikuwa na nukta moja. Jia Tan, alipokuwa akikamilisha kazi yake Februari, aliipachika katikati ya kipande cha msimbo kinachopima kama kompyuta ina Landlock, ulinzi unaoifungia programu isiguse isivyopaswa. Kwa nukta hiyo kipimo kilishindwa kila mara, na ulinzi ukaachwa bila kuwashwa. Ilikuwa imekaa peke yake mwanzoni mwa mstari, ndogo kuliko punje ya ufuta. Machi 30, siku moja baada ya tangazo la Freund, Collin aliiondoa. Kisha akaanza kupitia upya kila alichogusa Jia Tan, na Mei 29 akatoa toleo la 5.6.2, limesafishwa, kwa jina lake mwenyewe.